Ngao za Nyungo

Ninyi mnaoingia darasani siku hizi na kishikwambi kwapani, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba. Mimi ni Mwalimu Skolastika, mzaliwa wa Goweko. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa huko Ulyankulu. Wanafunzi waliniita Jemadari kwa sababu ya jeshi langu la askari wa miguu. Wapo walioniita hivyo kwa sababu ya fimbo, lakini hao tuwaache, nao wameshazeeka.

Nimeambiwa niwaandikie nilichojifunza kazini. Nilijifunza kidogo, na sehemu kubwa ya hicho kidogo nilifundishwa na watu ambao hawakulipwa kunifundisha. Nawashukuru mapema kabisa, maana mzee akianza kusimulia huwa hajui ataishia wapi.

Somo langu la kwanza Ulyankulu lilikuwa baya. Mada ilikuwa biashara ya misafara ya kuvuka Jangwa la Sahara, kidato cha pili. Nukuu zilitakiwa ziwe za Kiingereza, nami nikajaza ubao kutoka kona hadi kona: ngamia, chumvi, dhahabu, Waberberi. Ubao wenyewe tulikuwa tumeusiliba kwa mkaa wa betri kuukuu uliopondwa pamoja na majani ya maboga, ukang'aa vizuri sana, na mimi nikadhani ubao ukishang'aa somo limefaulu. Niliposogea pembeni nikaona nusu ya darasa wananakili, na nusu wamelala macho wazi. Nyuma kabisa, kwenye dawati lililovunjika mguu, alikaa mkuu wa shule, Mwalimu Salehe, amekunja mikono.

Salehe alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, na mimi ni Mnyamwezi. Kwa asiyejua, makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo kichwani kutoka huku kwetu mpaka baharini, wakipita kwa babu zake. Mtani anakutania kwa matusi na hukasiriki. Anakuchukulia kitu chako, nawe unakikomboa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka wanaolia wacheke, na hiyo ni haki yake na pia ni wajibu wake. Basi kipindi kilipokwisha aliniuliza mbele ya walimu wote, "Mpagazi, umewabebesha nini watoto wa watu, mbona wamelala njiani?" Nikamjibu kwamba watu waliozoea kukaa barazani wakiwauzia wapita njia madafu hawawezi kujua uzito wa mzigo. Walimu wakacheka, chai ikanyweka.

Baadaye alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba nimeanza na bidhaa, na mtoto hana habari na bidhaa. "Anza na miguu," alisema. "Nani alitembea, alivaa nini mguuni, alikula nini mchana, na nani alikuwa anamsubiri nyumbani. Wafalme watakuja wenyewe, hao hawakosi njia."

Wanangu, nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, nyingine zenye chakula kizuri. Hakuna hata moja iliyonipa kitu cha kulinganisha na maneno hayo. Salehe ametangulia, na mpaka leo nikipita karibu na msikiti humshukuru kimoyomoyo, Mkatoliki mimi.

Nikaanza kutafuta miguu. Likizo ile nilikwenda Tabora mjini, kwenye maktaba ya mapadre, nikawa nawasoma Waberberi kurudi nyuma mpaka nikafika Karthago. Huo ulikuwa mji wa Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini kutoka pwani ya mashariki ya bahari iliyo kaskazini mwa Afrika, nchi ambayo sisi Wakristo tumeisikia ikitajwa kanisani bila kuulizana iko wapi. Walihamia Afrika Kaskazini, hapo panapoitwa Tunisia leo, wakawakuta wenyeji, Walibia, ambao ndio wazee wa hao Waberberi wangu wa ubaoni. Walifanya biashara, waligombana, wakaoana. Watoto na wajukuu wa ndoa hizo wageni waliwaita Walibifoinike.

Hao ndio niliowapenda. Walikuwa miongoni mwa askari wa miguu wa Karthago, wale wazito wanaosimama bega kwa bega: ngao kubwa ya duara, mkuki, kofia ya chuma, na vazi la kitani kilichopangwa tabaka juu ya tabaka. Jemadari wao yule mwenye tembo kila mtu anamjua. Lakini tembo hawakuwa wengi, na wengi wao walikufa kwa baridi. Waliobaki wamesimama ni watu wa miguu.

Na hawa watu wa miguu hawakutuachia hata neno lao moja. Tunayoyajua yameandikwa na waliopigana nao, au na wajukuu wa hao waliopigana nao. Fikirini habari za bibi zenu mngeletewa na watu waliowachukia. Niliposema hivyo darasani hakuna aliyelala, na nikajua nimepata mlango.

Lazima niwaambie darasa lile lilivyokuwa. Upande wa dirisha walikaa watoto wa Wanyamwezi na Wasukuma. Upande wa ukuta walikaa watoto wa familia zilizotoka Burundi, ambazo babu na bibi zao walikuja Ulyankulu wakikimbia vita, wakafyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi mpaka eneo lile likawa ghala. Hawakupigana, hawakutukanana. Waliazimana hata kalamu. Ila hakuna aliyehama upande wake, na katikati palibaki njia ya mwalimu kupita.

Nikaamua kuunda jeshi. Ngao zilikuwa nyungo za kupepetea, zimefungwa kitanzi cha katani cha kupitisha mkono wa kushoto. Mikuki ilikuwa fito za kuning'inizia tumbaku kwenye bani, lile banda la kuikaushia. Sasa sikilizeni ufundi wake, maana mtauhitaji. Ngao ikiwa mkono wa kushoto, nusu yake inakulinda wewe na nusu inamlinda aliye kushoto kwako. Wewe mwenyewe, ubavu wako wa kulia uko mikononi mwa jirani wa kulia. Wataalamu wanabishana kama watu wa Karthago walishika ngao hivi hasa au vinginevyo. Mimi nilichagua, na niliwaambia wanafunzi kwamba nimechagua. Mwalimu asiyesema wapi anakisia ni mwongo mwenye cheti.

Nikawapanga mmoja wa dirishani, mmoja wa ukutani, mmoja wa dirishani, mmoja wa ukutani. Hawakupenda. Lakini nilipowatuma wenzao wawarushie maganda ya mahindi, kila mtu aligundua mara moja ubavu wake uko kwa nani. Mstari ulibanana wenyewe, sikusema neno.

Sasa kosa. Kuna vita moja ya kisiwa cha Sisilia ambapo jeshi la Karthago lilikuwa linavuka mto, dhoruba ikawapiga usoni, mvua na mawe ya barafu, silaha zikawa nzito, matope yakawashika miguu, wakashindwa. Nikataka watoto waione. Nikawapeleka kwenye kijito nyuma ya shule, kijito cha kiangazi kisicho na maji, wavuke kwa mstari. Mbingu nazo zikanisikia. Mvua ya kwanza ya mwaka ilitoka magharibi ikatukuta katikati ya kijito, na kwa udongo ule wa mbuga jeshi langu lilipotea kwa namna ile ile kama la Sisilia, kiatu kimoja kimoja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini ungo ukilowa ukakanyagwa, si ungo tena.

Kesho yake mama zao walikuja. Nilikuwa nimezoea kuona akina mama wa Kinyamwezi wakija kivyao na wenye asili ya Burundi wakija kivyao, hata sokoni. Siku ile walikuja mstari mmoja, kila mmoja na ungo wake uliovunjika, na mstari ulikuwa umebanana kuliko wa wanafunzi wangu. Salehe alichungulia dirishani mwa ofisi yake, akaniambia kwamba sasa kweli nimefanikisha somo, kisha akafunga mlango kwa ndani.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja mwembamba, Bibi Sesilia. Alikuwa msusi wa nyungo na vikapu, na nyungo nyingi zilizoharibika zilitoka mkononi mwake. Alikaa chini kwenye kibaraza cha shule, akachukua ungo mmoja, akaanza kufumua ukingo. Akaniuliza ngao za nini. Nikamweleza habari za Wafoinike na wenyeji wa Afrika na watoto wao. Alisikiliza huku vidole vinakwenda. "Mama zao walikuwa watu wa pale pale?" aliuliza. Nikasema wengi wao walikuwa wa pale. Akasema, "Basi lugha ya kwanza waliisikia kwa mama." Hilo halikuwemo katika kitabu cha mapadre. Niliketi naye jioni nyingi baada ya hapo, akanifundisha kukaza ukingo, na nyungo zote nilizoharibu nilizirudisha kwa jasho langu. Vidole vyangu havijasahau hata leo.

Bibi Sesilia alikuwa na mjukuu katika darasa lile, Konsolata. Baba yake Konsolata alikuwa mtoto wa Bibi Sesilia. Mama yake alikuwa Mnyamwezi wa Ipole, naye alifariki Konsolata akiwa mdogo. Kwa hiyo msichana yule alikuwa Mlibifoinike wangu aliye hai. Mpaka nilipopanga jeshi, alikuwa anakaa kwenye dawati la mbele kabisa, peke yake, kwenye ile njia ya mwalimu.

Siku moja alinyoosha mkono. Nilikuwa nimeeleza kwamba baada ya vita moja kubwa Walibia wengi waliiasi Karthago, nchi ikawaka moto. Akauliza, "Mwalimu, hao wenye pande zote mbili, siku hiyo walisimama wapi?" Darasa zima likamgeukia, maana kila mtu alijua anauliza nini. Mimi nikasema, "Sijui, Konsolata." Salehe alinifundisha hilo pia: sijui isemwe kwa sauti ile ile unayosemea unachokijua. Lakini sijui ile niliondoka nayo, nikala nayo, nikalala nayo.

Walipokuwa kidato cha nne, baba yake Konsolata akafa. Aliugua kifua, hakuchukua muda. Hapo ndipo palipotokea jambo ninalotaka mlijue.

Mjomba wake, Maganga, alikuja kutoka Ipole na ndugu zake. Alisema mtoto wa dada yake amebaki yatima, atakwenda Ipole, kuna mashamba ya tumbaku na mizinga ya nyuki, hatakosa cha kufanya. Baba mdogo wa Konsolata, Anselmi, mtoto mwingine wa Bibi Sesilia, alikuja kutoka Urambo. Alisema mtoto ni wa upande wa baba, atakwenda Urambo alelewe na mke wake. Wote wawili walikuwa watu wema, hilo mlishike. Hakuna aliyetaka kumtupa. Walimtaka, na kila upande ulimtaka mara moja, msiba ukiisha, na kote kuwili ilimaanisha kuacha shule miezi michache kabla ya mtihani. Bibi Sesilia ndiye aliyekuwa anaishi naye, lakini katika kikao kile hakuulizwa, mzee na mwanamke na mgeni wa miaka yote.

Konsolata alinifuata nyumbani kurudisha kitabu cha shule. Hakulia. Alisema, "Wakinivuta hivi, Mwalimu, nikienda kwa mmoja nimemkana mwingine. Heri niache shule nikae tu, nisiwe wa mtu." Nilimshika mkono, mimi Jemadari, nikamsindikiza mpaka kwa bibi yake.

Nikaenda kwa Salehe. Mkuu wa shule hana mamlaka kwenye kikao cha ukoo, alijua hivyo kuliko mimi. Alifikiri sana, akiwa amevua kofia yake. Kisha akaniuliza, "Marehemu alimwoa nani?" Nikamwambia, Mnyamwezi. "Basi wakweze ni watani wangu," alisema, "na kwenye msiba huu bado sijawafanyia vituko."

Siku ya kumaliza msiba watu walikaa chini ya turubai, wajomba huku, ndugu wa baba kule, kikao kimeanza. Salehe akaingia. Koti lake alikuwa amelivaa ndani nje, suruali imekunjwa mguu mmoja, mkononi ana ngao yetu ya ungo na begani ufito wa tumbaku. Akatembea kama askari aliyechoka mpaka katikati, akawaambia wajomba kwamba wapagazi wa siku hizi wamekuwa wavivu, zamani walibeba pembe mpaka baharini, leo wamekuja watu wazima kumbeba msichana mmoja na bado wanahema. Akamwendea Konsolata, akafunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wake, akatangaza, "Huyu nimemteka. Anayemtaka amkomboe."

Upande wa wajomba ulilipuka kwa kicheko, cha watu waliokuwa wanakihitaji. Maganga mwenyewe alifuta machozi, akasema mtani amekuja, taja fidia yako. Salehe alikuwa anafungua kinywa kuitaja.

Anselmi akasimama. "Mwalimu," alisema, "unacheka kwenye msiba wa kaka yangu?"

Kwetu sisi utani ni kama chumvi, humwelezi mtu chumvi, na kwa sababu hiyo mimi wala Salehe wala Maganga hatukukumbuka kwamba wale wenzetu hawakuwa na watani pale. Babu zao hawakupita na misafara ile. Kwao alikuwa ameingia mtu mzima, mkuu wa shule, amevaa koti kinyume, anaushika mkono wa yatima na kucheka. Vijana wa Urambo walianza kuinuka. Nilimwangalia Salehe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anarudi nyuma hatua moja. Nikafikiri, tumempoteza mtoto, na ni sisi tuliompoteza.

Kuna vita nyingine ya Karthago niliyokuwa nikiipenda kuifundisha, ya kule Italia, ambapo askari wa miguu wa Afrika waliwekwa pembeni, kushoto na kulia, na kazi yao kwa muda mrefu ilikuwa kusubiri tu. Adui akawasahau, akakimbilia katikati. Ndipo walipogeuka. Niliikumbuka pale pale, kwa sababu pembeni kabisa ya turubai, kwenye mkeka, Bibi Sesilia alikuwa anainuka taratibu.

Hakumwendea Anselmi. Alimwendea Maganga, akamuuliza huyu mzee wa koti ameruhusiwa na nani. Maganga alisimama kwa heshima, akamjibu, "Mama, huyu ni mtani. Akija kuteka, tunakomboa. Asipokuja, ndiyo watu wanasema msiba wenu hauna wenyewe."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, "Nimefika hapa na mwana mgongoni. Nimezika mume hapa, nimezika mabinti wawili, sasa nimemzika yule wa mgongoni. Misiba yangu yote niliizika kimya. Hakuna aliyekuja kuniteka mtu."

Nililia. Wanyamwezi wote waliokuwa pale walilia, kwa sababu tulikuwa majirani zake miaka yote hiyo. Tulikwenda kwenye misiba ile, tulipeleka unga na kuni, tukakaa kwa adabu, tukarudi nyumbani. Hatukuwahi kujua kwamba adabu yetu ilikuwa inamwacha peke yake.

Bibi Sesilia akachukua unga uliokuwa kwenye ungo wa wapishi, akausogelea ule upara wa mkuu wa shule, akampaka mpaka masikioni. Watu wakashika vinywa. Akasema, "Sasa na mimi ni mtani wako. Taja fidia."

Salehe, unga unamdondoka puani, alisema, "Amalize shule."

"Amalize," alisema Bibi. Akamgeukia Maganga, naye akasema amalize. Akamgeukia Anselmi, akamwita kwa Kirundi, mwana wanje, yaani mwanangu. Anselmi alikuwa bado amesimama. Alimwangalia mama yake mwenye unga mikononi, akamwangalia Salehe, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Alikaa chini, akajifunika uso kwa kofia, akatoa sauti ambayo sisi tuliokuwa karibu hatukujua kama ni kilio au kicheko. "Amalize," alisema ndani ya kofia.

Wazee wa mila wangeniambia utani haupatikani kwa konzi ya unga. Waseme. Hakuna aliyethubutu kumwambia Bibi Sesilia siku ile, na misiba ya Ulyankulu niliyoihudhuria baadaye haikuwa na ukimya ule: sisi na wenzetu wa Burundi tulitekana kama watani wa zamani.

Konsolata alibaki kwa bibi yake. Likizo alikwenda Ipole kwa wajomba, na Krismasi alikwenda Urambo, na kote alirudi amenenepa. Juma lile alilorudi darasani nilimwambia bado sijapata jibu la swali lake, walisimama wapi. Akasema hata yeye hajui, ila hana haraka nalo tena. Mtihani aliufanya, akafaulu. Leo ni afisa nyuki huko Sikonge, na asali ninayonywea chai nikiandika haya ni yake.

Nisiwafiche, jeshi langu halikuondoa kila kitu. Madarasa yaliyofuata yalianza tena na dirisha na ukuta, na kila mwaka niliazima nyungo upya, kwa ruhusa ya wenyewe sasa, na kamwe si msimu wa mvua. Vishikwambi vyenu nimeviona. Mjukuu wangu alinionyesha picha ya askari wa Karthago anayetembea mwenyewe, kofia inang'aa. Nilifurahi kama mtoto, na ningekuwa na kitu hicho enzi zangu ningekitumia mpaka kiungue. Ila picha hairushiwi maganda ya mahindi. Toeni watoto nje, wabananisheni.

Siku yangu ya kuagwa shuleni walinipa kiti cha uvivu na mashuka. Mwalimu mmoja kijana wa historia alisimama akaniomba niwaandikie wanaokuja nyuma. Nikakataa kwa maneno mazuri, macho hayaoni, mkono mzito, nitaandika nini mimi. Watu wakapiga makofi, nikadhani nimeponea.

Konsolata akaingia ukumbini. Amevaa koti la mvua ndani nje, mkononi ungo, na ungo ule niliutambua kwa ukingo wake, kwa kuwa ni mkono wa Bibi Sesilia, ambaye tulishamzika, kwa vituko na kwa kelele, kama alivyostahili. Alitembea mpaka mbele, akanipaka unga kipajini mbele ya ofisa elimu, akafunga kipande cha kitenge kwenye kifundo cha mkono wangu wa kuandikia.

"Huyu nimemteka," alisema. "Fidia ni aandike."

Nikajitetea. Nikamwambia, Konsolata, huwezi kuniteka, mama yako ni Mnyamwezi mwenzangu, mimi na wewe si watani.

Akacheka, akakaza fundo. "Leo, Mwalimu, nimekuja kwa upande wa bibi."

Kipande kile cha kitenge nimekaa nacho mkononi tangu siku hiyo, nikifua nacho, nikilala nacho. Haya ndiyo yote niliyo nayo, wanangu, na ninyi ni mashahidi kwamba nimelipa. Konsolata, njoo unifungue.